Mwanangu Rukia, habari ya Hakeem nilikupa nusu

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Voisi yako iliingia jana baada ya alasiri nimekaa Mkunguni na wazee wa bao, sikuifungua pale maana wale wakisikia jambo, kabla ya isha lishafika Shela. Nimeisikiza nyumbani, mara mbili. Wauliza hivi: mechi zenu za mwisho za kikapu za chuo zimeangukia ndani ya Ramadhani, kocha amekwambia siku ya mechi ule, wewe ukamjibu "mbona Hakeem Olajuwon alifunga na akacheza", sasa wataka mimi niseme nani ana haki. Na umenitia mle ndani kabisa, ati babangu ndiye alonihadithia. Haya, ni kweli ni mimi, lakini mamangu nilikupa nusu.

Nusu ulo nayo ni ile ya kanda ya video aloleta ammi yako alipokuwa baharia, tukaiangalia mpaka ikaanza kutafuna picha. Mwaka 1995 Ramadhani iliingia mwanzo wa Februari, Hakeem yuko timu ya Houston Rockets, bingwa wa 1994 wa NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na jamaa afunga kila siku, hata za mechi, na mwezi ule ule wakamchagua mchezaji bora wa mwezi. Tarehe 14 Clyde Drexler, mwenzake tangu chuo kikuu, akaletwa kutoka Portland, na Juni wakalichukua kombe mara ya pili. Hiyo ndo nilokuwa nikikupa ulipokuwa mdogo ukilia saa nane mchana wataka maji, na nilikuwa na sababu yangu ya kuikata pale.

Sasa sikiza nyengine. Februari kule ni baridi, jua latua kama saa kumi na mbili, na mechi nyingi za NBA ni za usiku, saa moja, moja u nusu. Kwa hiyo siku nyingi jamaa keshafungua, tende na maji vishapita kooni, ndo aingia uwanjani. Zilokuwa ngumu ni zile za mchana za wikendi, na hizo alicheza mdomo mkavu, simnyimi haki yake. Daku yake yasimuliwa ilikuwa tende saba na galoni ya maji, karibu lita nne, mimi lita moja alfajiri yanishinda. Wewe mechi yako ni saa tisa mchana, uwanja wa simiti, Mombasa, kaskazi yavuma moto, hapana hata mwembe wa kivuli. Yeye alikuwa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi. Hapo wawili nyinyi hamfanani.

Tena alikuwa na miaka 32, mwaka wa kumi na moja kwenye ligi, ameujua mwili wake kama nahodha aujuavyo mlango wa bahari wa Mkanda, pa kupita wapi na maji yakipwa asimame wapi. Na mchezo wake haukuwa wa mbio. Kule Lagos alikuwa kipa wa soka na mcheza handboli, kikapu amekishika ana kama miaka 15 hivi (nami nilikuwa kipa, timu ya mtaa Langoni, ndo maana nampenda, ila urefu ulinikataa). Ile miguu ya kipa ndo ilomtajirisha. Ampa beki mgongo, bega laenda kulia, beki aruka, kuja kushuka Hakeem keshageuka kushoto mpira u ndani. Wakaita Dream Shake. Mwaka huo huo wa 1995 David Robinson wa San Antonio akakabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa msimu katikati ya mechi zao na Houston, na Hakeem akamtia wastani wa pointi 35 kila mechi, wallahi nilimhurumia yule bwana. Na bloki zake, yaani mipira alozuia isiingie, ni 3,830, mpaka leo hapana alompita NBA, huo si ukipa ni nini? Mtu wa vile hapotezi jasho bure. Wewe nikuonavyo kwenye zile klipu wakimbia kama punda alokata kamba, mpira ushatoka nje zamani nawe bado waufuata, na kwa mchezo huo kiu itakumaliza robo ya pili.

Halafu hili la "nikikosa fainali hii basi tena", mamako kalisikia akacheka. Hakeem alipoteza fainali ya vyuo 1983, 54 kwa 52, akarudi 1984 akapoteza tena, kwa Georgetown ya Patrick Ewing. Miaka kumi ikapita ndo akakutana na Ewing fainali ya NBA, ambayo ni mfululizo wa mechi mpaka saba, Ewing yuko New York, mechi ya sita Houston waongoza 86 kwa 84, sekunde zaisha, John Starks wa New York arusha ya kushinda, na Hakeem akaufikia mpira kwa ncha za vidole. Mechi ya saba wakachukua.

Kwa hiyo usimbebe Hakeem ukampigie kocha. Yule aogopa kukuona umeanguka uwanjani, na mimi pia naogopa. Nenda mkakae, muombe mechi isogezwe usiku baada ya tarawehe, si mna taa? Kuomba si aibu, hata huo mtandio wachezea nao leo kwa kuwa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walibadilisha kanuni 2017, kabla ya hapo kwenye mashindano yao ungevuliwa ama ukae benchi. Wakikataa, sema naye akupunguzie dakika. Na Shaabani hii imebaki, ukifunga sunna fanya mazoezi saa ile ile ya tisa uone mwili wasemaje, si kungoja siku yenyewe. Mechi ya Nairobi ni jambo lengine, utakuwa msafiri na msafiri ana ruhusa yake, muulize ustadhi hapo chuoni, mimi ni fundi wa jahazi si sheikh.

Lakini kufunga ama kula siku hiyo, mtu mzima ni wewe. Ukila ukalipa baadaye sitakuuliza, ukifunga pia sitaki uniambie ni kwa sababu ya Hakeem.

Tende nimempa dereva wa basi la asubuhi pale Mokowe, mfuko wa buluu, jina lako juu. Zichukue kesho kabla ya magharibi maana ofisi yao hufunga mapema. Na nitumie saa ya mechi wakiisogeza.

Babako