Sabato ya Mwanangu na Mechi za Jumamosi

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha pili katika shule ya bweni inayodhaminiwa na kanisa la Kianglikana. Sisi ni Waadventista. Ameteuliwa kuwa kipa wa timu ya shule, lakini mechi nyingi huchezwa Jumamosi. Je, nimwondoe katika michezo? – Mzazi, Nakuru.

JIBU: Mzazi mwenzangu, usimwondoe bado. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, ikiwemo kuadhimisha siku yake ya ibada, na haki hiyo haikomi mtoto anapopita lango la shule. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi mwanzoni mwa muhula, umpe nakala mwalimu wa michezo, ukieleza kwamba Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi jioni, ili kocha amwandae kipa wa pili mapema badala ya kuhangaika asubuhi ya mechi, wakati wenzake wameshafunga kamba za njumu na basi linangurumisha injini.

Zaidi ya yote, msikilize kijana mwenyewe. Akiona uchungu kukosa mechi muhimu, usimkemee, kwa maana uchungu huo ni wa haki. Muulize pia kama angependa kujiunga na kwaya ya shule, ambayo huenda isigongane na Sabato: mazoezi mengi hufanywa jioni za siku za masomo, na sauti inayobadilika si kikwazo, kwani mwalimu mzuri humhamishia kwenye besi.