Vijidudu vya bwawani havionekani vizuri, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa bayolojia huku Hombolo, nachota maji ya bwawa naweka kwenye hadubini ya shule lakini naona weupe tu, vijidudu kama vivuli. Nimeongeza taa mpaka mwisho, wapi. Ninunue lenzi mpya?

JIBU: Mwalimu, usinunue kitu kwanza. Vijidudu hivyo vingi havina rangi, mwanga unapita tu, kwa hiyo ukizidisha taa ndo unavifuta kabisa. Shika kile kimkono cha chini ya meza ya hadubini, cha kufungulia na kufungia tundu la mwanga, kifunge taratibu huku unaangalia, utaona kingo zinatokea, ila usifunge sana maana vitu vidogo vidogo vitaanza kupotea.

Sasa hii ndo naipenda mno: kata duara la karatasi nyeusi, libandike katikati ya plastiki angavu, weka kwenye kishikio cha filta chini ya kondensa (ile lenzi ya chini ya meza inayokusanya mwanga), tumia lenzi ya kukuza mara 10, tundu uliache wazi. Duara likiwa dogo nyuma hapawi peusi, jaribu kubwa kidogo. Vijidudu vitang'aa kwenye giza, wanafunzi watagombania kuangalia!

Methilini bluu, rangi ya kutia kwenye maji hayo, nayo inasaidia, kiini cha seli kinaonekana vizuri, ila ikizidi inaviua. Kuna na hadubini za mwanafizikia Frits Zernike, aliyepata Nobel 1953 kwa njia ya kuona visivyo na rangi, lakini bei yake ni kubwa, anza na karatasi.