Ukiwa na sukari, anzia miguuni

Mwenye sukari akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanzie miguuni. Wengi wetu hapa Mombasa tunahofia chakula tu. Mtu akishaacha sukari kwenye chai huona kazi imekwisha. Lakini sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva na mishipa midogo ya damu, na ganzi mara nyingi huanzia vidole vya miguu. Mtu hukanyaga msumari asiusikie. Jeraha lisipouma halishughulikiwi, na damu isipofika vizuri huko chini, ndipo linapogeuka kidonda ndugu.

Mimi hutumia udhu. Ni nafasi tano kila siku za kuishika miguu kwa mkono: napitisha kidole baina ya vidole, nagusa kisigino, natafuta mkwaruzo. Usiku naweka kioo kidogo chini nitazame nyayo. Kama macho yamepungua nguvu, mwombe mwanao au mjukuu akutazamie, wala usione haya. Ila watu husahau kukausha. Unyevu baina ya vidole huleta fangasi na ngozi hupasuka, kwa hiyo chukua kitambaa chako msikitini. Visigino vikikauka vipake mafuta, lakini baina ya vidole usipake.

Wakati wa kaskazi, sakafu ya nje na mchanga wa pwani huunguza adhuhuri, na mguu wenye ganzi utaungua bila wewe kujua. Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Ndara nazo hazitoshi, maana vidole vyote viko nje na kamba yake hukwaruza. Tafuta viatu vinavyofunika vidole na visivyobana. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvikung'ute kila unapotaka kuvivaa. Sugu usizikate kwa wembe.

Chakula nacho kina kazi yake. Mahamri kwa mbaazi sijaacha: nimepunguza mahamri, nikaongeza mbaazi. Wengi huambiwa sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7 (kwa kipimo cha mmol/L), na kipimo cha wastani wa miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 7, ila lengo lako atakupa daktari wako. Mwombe pia, angalau mara moja kwa mwaka, akupime miguu kwa ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, macho, na mkojo kwa ajili ya figo. Kama unavuta sigara, acha. Inaziba mishipa hiyo hiyo inayopeleka damu mguuni.

Ukiona jeraha, lengelenge, au mguu mmoja una joto kuliko mwengine, usipake unga wa kahawa wala dawa ya meno. Osha kwa maji safi, funika kwa bandeji safi, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama hakuumi. Pakitoka usaha au harufu, ngozi ikiwa nyeusi, au ukishikwa na homa, usingoje kukuche.