Kumtumaini Mungu Ukiwa Bado Unaogopa

Wakristo tunapenda kuambiana, "Ukiogopa, huna imani." Mimi niliambiwa hivyo nikiwa nasubiri majibu ya kipimo cha uvimbe uliotokea shingoni. Aliyeniambia ananipenda, na aliniombea kwa machozi. Ila alipoondoka nilibaki na hofu mbili: ya ugonjwa, na ya kwamba kuogopa kwangu kumemkasirisha Mungu.

Ndipo nikaanza kuwatafuta ndani ya Biblia watu waliomwamini Mungu huku wanatetemeka. Ni wengi ajabu. Daudi, yule yule aliyemwangusha Goliathi, alipofika Gathi, mji wa Wafilisti, alimwogopa sana mfalme Akishi, hata akajifanya mwendawazimu na kuacha mate yamtiririke ndevuni (1 Samweli 21). Kichwa cha Zaburi ya 56 kinaihusisha zaburi hiyo na mkasa huo wa Gathi, na humo ndimo tunamosoma: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu ipo, na tumaini lipo, siku ile ile.

Lakini aliyenifundisha kuomba ni Yehoshafati, mfalme wa Yuda. Katika 2 Mambo ya Nyakati 20 anapata habari kwamba jeshi kubwa linamjia. Maandiko hayamfichi: yanasema aliogopa, akamtafuta Bwana. Kisha mfalme mzima anasimama mbele ya Yuda yote, wake na watoto wakiwepo, na kukiri kwamba hawana uwezo: "wala hatujui tufanye nini, lakini macho yetu yatazama kwako." Hebu fikiria kiongozi wa leo akisema hivyo hadharani.

Nami nikaacha sala za kupamba. Nikawa nataja hofu moja moja kwa jina lake: Bwana, naogopa kufa. Naogopa watoto wangu kulelewa bila mimi. Naogopa gharama za matibabu. Kuzitaja kulinionyesha kwamba si zote za aina moja. Ya gharama ilihitaji kalamu na karatasi, tukakaa na mwenzangu tukapiga hesabu. Ya kufa haikuwa na hesabu yoyote ya kupiga; hiyo nilimkabidhi Mungu, na kesho yake nikamkabidhi tena, maana usiku ilikuwa imesharudi. Usishangae ukirudia sala moja kila siku. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba mara tatu kwa maneno yale yale, na kabla ya hapo aliwaambia Petro na wana wa Zebedayo kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, wakeshe pamoja naye. Kama yeye aliomba kusindikizwa, wewe unajificha nini? Tafuta mtu mmoja asiye na papara ya kuhubiri, umwambie.

Kuhusu mistari ya Biblia: chagua mmoja ushike kwa moyo. Saa tisa usiku huwezi kukumbuka ishirini, na ukifungua simu kuitafuta utaishia kusoma dalili za saratani.

Majibu yangu yalitoka mazuri, namshukuru Mungu. Siyatumii kama ushahidi kwamba imani ilifanya kazi, kwa sababu nawajua waumini wenye imani kunizidi ambao majibu yao yalikuwa mabaya. Shadraka, Meshaki na Abednego, walipotishiwa kutupwa katika tanuru la moto wasipoisujudia sanamu ya mfalme, walimwambia kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo", bado hawatainama. Tumaini lisilo na nafasi ya hayo maneno manne litavunjika siku ya majibu.

Na kama hofu imekuondolea usingizi na hamu ya kula kwa majuma, au moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, na uendelee kuomba. Nabii Elia alipomkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumwua, hadi kuomba afe, malaika aliyemjia chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko kwenye mlima Horebu. Ukiwa wewe ndiye unayemfariji mwenye hofu, fuata mpangilio huo huo: muulize kwanza kama amekula na kama amelala.