Jibu: Seli shina za mtoa figo na dawa za kushusha kinga

Dada, umeuliza kama kaka yenu, aliyekubali kumpa mdogo wako figo, akimpa pia seli shina, yaani chembe changa zinazozaa chembe nyingine, mgonjwa ataweza kuacha dawa za kushusha kinga, zile zinazouzuia mwili kuikataa figo. Limewezekana kwa wachache, tena si kwa wepesi unaosimuliwa mitandaoni.

Seli shina za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, huzaa chembe nyeupe za damu, na zile ziitwazo chembe T hukomalia katika tezi ya thaimasi iliyoko kifuani, ambako zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huondolewa. Seli za kaka yenu zikishika katika uboho wa mdogo wako, hata kwa wiki chache, kinga inaweza kujifunza kuihesabu figo ile kuwa ya nyumbani. Katika hospitali ya Massachusetts General, Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalihusu wagonjwa 5: mmoja aliipoteza figo, na 4 waliacha dawa zote kati ya miezi 9 na 14 baada ya upasuaji.

Gharama yake mwilini ni kubwa, kwa kuwa kwanza uboho hudhoofishwa kwa dawa kali na thaimasi kupigwa mionzi, hali inayofungua mlango kwa maambukizi. Vilevile seli za mtoaji zinaweza kuugeukia mwili wa mpokeaji, hasa ngozi, utumbo na ini.

Kwa hiyo muulizeni daktari wa figo kuhusu majaribio rasmi, na msinunue sindano za seli shina kliniki yoyote. Takrolimasi, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, mdogo wako asiipunguze mwenyewe, hata akijisikia mzima kabisa.