Unataka trekta ya kusukuma ndege? Anza na bawa

Kijana mmoja wa Pipeline ameniandikia. Amepata kazi JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hapa Nairobi, kwenye kampuni ya kuhudumia ndege ardhini, na anachotaka kujua ni afanyeje ili afike haraka kwenye kiti cha trekta ya kusukuma ndege. Sikushangaa. Kila anayeanza rampu, yaani pale ndege zinapoegeshwa, kwa kubeba mizigo anakitamani kile kiti, na mimi nilikitamani hivyo hivyo. Mshahara ni afadhali, hunyeshewi, na mama mkwe akisikia kwamba Dreamliner haitoki mpaka wewe uisukume, anakuongezea nyama.

Namjibu hapa kwa sababu najua mko wengi. Miaka ya mizigo naipita, haina hadithi. Ni mgongo tu.

Kazi inaanza siku utakayopewa fimbo mbili za ishara na kuambiwa nenda kalinde bawa, yaani uchunge ncha yake isigonge kitu ndege ikisukumwa. Wengi hukunja uso. Wanaona wamewekwa kando kama taa ya barabarani huku mwenzao akiendesha. Ndugu yangu, hapo ndipo utajulikana wewe ni nani.

Ndege ikisukumwa kurudi nyuma, hakuna mtu hata mmoja anayeona kila kitu. Rubani hana kioo cha pembeni, na kwenye ndege nyingi kubwa hata ncha ya bawa lake mwenyewe haioni akiwa kitini. Dereva wa trekta yuko chini ya pua, anachunga gurudumu la mbele na jinsi kilivyopinda chuma cha kusukumia, kile kinachounganisha trekta na ndege, kwa sababu akikata kona kupita kiasi pini ya usalama inakatika. Mnara wa kuongozea ndege nao ukisema sukumeni, haujaapa kwamba nyuma ya mkia hakuna lori. Kisha kuna jambo ambalo abiria hawalijui: rubani hatakiwi kugusa breki wakati anasukumwa, maana anaweza kuvunja chuma hicho au kuharibu mguu wa mbele wa ndege. Breki iko kwa dereva, na macho ya dereva ni wewe. Matatu inayorudi nyuma stendi inamtegemea makanga wa kupiga bodi vivyo hivyo, ila matatu haina upana wa mita 60.

Mita 60 ndizo za Boeing 787-8, ile Dreamliner, kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ya ukubwa huo, ikiingia au kutoka maegeshoni, iachiwe mita 7.5 kati yake na kitu kingine. Ya ukubwa wa 737 huachiwa mita 4.5. Lori la chakula likiachwa makalio nje ya mstari, nafasi yote imeliwa. Tena ndege ikipinda, ncha ya bawa lililolala nyuma inapita nje zaidi ya pale ulipodhani.

Usidhani haya ni ya viwanja vya vichochoroni. Tarehe 6 Aprili 2024 pale Heathrow, 787 ya Virgin Atlantic isiyo na abiria ilikuwa inaondolewa maegeshoni kwa trekta, bawa lake likagonga Airbus A350 ya British Airways. Januari mwaka huo huo, New Chitose, Japani, ndege ya Korean Air ilisukumwa kwenye theluji, trekta ikateleza, bawa likagonga mkia wa ndege ya Cathay Pacific. Embakasi hatuna theluji. Tuna mvua ya Aprili, na tuna saruji yenye mafuta, na hivyo viwili vikikutana usiku utaijua trekta vizuri.

Sasa yangu. Ulikuwa usiku wa mvua, katika kampuni ambayo sitaitaja. Nililinda bawa la kushoto. Ndege imeshaanza kusogea, nikaona lori limeegeshwa nusu ndani nusu nje kwenye maegesho ya jirani. Nikainua fimbo juu ya kichwa, zikapishana, ishara ya kusimama. Mwenye hedifoni, yule anayezungumza na rubani kutoka chini, akaniona, akapiga kelele, dereva akakanyaga breki. Tukaanza kumtafuta mwenye lori kwenye mvua, ndege ikachelewa, bawa halikuguswa.

Asubuhi niliitwa ofisini nikakabidhiwa barua ya onyo kwa kuchelewesha ndege. Mkuu wa zamu, ambaye wakati huo alikuwa ndani kwenye joto, alisema ingepita. Nani alipima? Lori lilikuwa limeshaondolewa. Mafunzo ya trekta yakaanza, wakachaguliwa vijana niliowafundisha mimi kushika fimbo. Sitajifanya mtakatifu, bado inaniuma. Kiti nilikipata kwingine, kwa watu walioniuliza kwenye usaili kama nimewahi kusimamisha ndege. Nikawaonyesha ile barua. Wakanipa kazi.

Kwa hiyo kijana, simamisha. Ukiona kitu, simamisha. Usipoona kitu lakini umempoteza mlinzi wa bawa lingine machoni, simamisha. Usiangalie uso wa mkuu wa zamu, angalia ncha. Wakikutuma peke yako ulinde mabawa mawili mahali finyu, kataa, kwa sababu siku ya kugonga hakuna atakayekumbuka kwamba mlikuwa pungufu. Tembea nyuma ya ndege kabla ya kusukuma, uangalie kwa macho yako.

Ikigusana hata kidogo, sema. Kiwiliwili cha 787 na A350 kimejengwa kwa nyuzi za kaboni, si kama bati la zamani linalobonyea ukaliona. Juu unaweza kuona mkwaruzo wa kufutika kwa kitambaa na ndani tabaka zimeachana. Anayefuta na kunyamaza anawapeleka watu angani na siri yake. Tuogope Mungu.

Na jifunze kazi ya mwenye hedifoni. Kuna pini yenye utepe mwekundu inayozuia usukani wa rubani usigeuze gurudumu la mbele na kuzungusha chuma cha kusukumia. Ukishaichomoa, unasogea pale rubani atakapokuona, unaiinua juu na utepe unaning'inia, unangoja akujibu kwa mkono. Nimeona watu wakipunga huku wanatembea, pini imeshaingia mfukoni. Huyo usimwige hata kama ni mkubwa wako.

Trekta yenyewe sasa. Leseni ya kawaida ya udereva haitoshi, unahitaji pia kibali cha kuendesha ndani ya uwanja kutoka Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na mafunzo ya aina ya trekta mliyo nayo. Uliza mapema kama kampuni yako ndiyo inayolipia, na jibu lao liwe kwenye karatasi. Mambo ya mshahara tuongee faragha, hapa mabosi wangu wanasoma.