Tony Stark: Vietnam ndiyo ya kwanza

Kaka, mnabishana Tony Stark, yaani Iron Man wa katuni za Marvel, alipata vazi lake kwenye vita gani: wa Vietnam na wa Afghanistan nyote mmesoma sawa, ila ya kwanza ni Vietnam. Iko kwenye jarida la katuni la Tales of Suspense namba 39 la 1963: Stark ananasa kwenye mtego wa bomu, vipande vinausogelea moyo, anajiundia vazi la chuma akiwa mateka. Afghanistan ililetwa na Extremis, hadithi ya Iron Man ya mwaka 2005.

Sababu ya vita kubadilika ni kwamba Marvel hawafuti hadithi zao wakaanza upya kama washindani wao DC walivyofanya 2011. Wao huacha miaka iteleze, shujaa asizeeke. Sasa vita halisi havitelezi! Mjomba wangu alipigana vita vya 1979 vya kumng'oa Amin, leo anatembelea mkongojo. Tony bado ndevu nyeusi tii. Ndiyo maana 2019, kwenye katuni ya History of the Marvel Universe, mwandishi Mark Waid alikihamishia chanzo cha Tony kwenye vita vya Siancong, nchi ya kubuni. Vita vya kubuni havina tarehe, unavisogeza utakavyo.

Magneto, adui wa X-Men wa Marvel, ndiye hasogezeki: alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na ukimtoa huko humbakizii kitu. Yeye aligeuzwa mtoto mchanga 1974, akarudishwa mtu mzima mwenye nguvu zake 1977, kabla hata habari ya Auschwitz haijaandikwa. Waandishi waliofuata wakapata bure kabisa kisingizio cha kwa nini hajazeeka. Ujanja wa wazi, lakini mimi naukubali kuliko Siancong.